Mlinzi wa Shimo Kubwa

Machi 2

Kama si mimi, walimwengu wasingejua lolote kuhusu mashimo meusi ya angani. Nasema hivi bila majivuno, maana mimi si mtu wa majivuno. Kituo hiki chenye antena pana kama uwanja wa mpira kina wasomi kumi na wawili, shahada zao ndefu kama mkia wa tumbili, lakini hakuna hata mmoja anayeingia bila kupita mkononi mwangu. Mimi ndiye mlinzi wa geti.

Antena ni sikio. Inasikiliza mawimbi ya redio yanayotoka mbali kiasi kwamba yakifika hapa yamechoka, hayana nguvu hata ya kumwamsha sisimizi. Kwa hiyo ndani ya uzio hairuhusiwi simu, redio, pikipiki, wala chochote chenye cheche za umeme. Nawapekua wote, vitu vyao nafungia kwenye sanduku la chuma, majina yao naandika kwenye kitabu cha wageni. Mwaka juzi nilimnyang'anya simu waziri mzima. Alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Leo amehamia hapa mpwa wangu, binti wa dada yangu, kufanya utafiti wa shahada yake ya mwisho. Mimi ndiye niliyemwita Profesa tangu anatambaa, kwa hiyo hata usomi wake chanzo chake ni mimi. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita, si kwa kushindwa. Mwalimu aliishiwa vitu vya kunifundisha.

Dada ni mshonaji. Alimsindikiza mpaka getini, akasema, "Kaka, nimeshona mpaka macho yamefifia kwa ajili ya huyu. Nakukabidhi."

"Dada, kalale," nikamwambia. "Amefika kwa mwenyewe."

Mkuu wa kituo akapita, skafu shingoni. Msimu wa mvua unaingia, na huku juu mlimani baridi ya alfajiri inapasua midomo. Akasema walinzi tuandike majina tupewe makoti mazito, na atakayezidiwa atahamishiwa zamu ya ndani, kwenye chumba chenye hita, ambacho kuta zake zimefunikwa mabati ya kuzuia cheche. Nikacheka mbele ya watu wote. Nikawasimulia nilivyovuka mlima wa barafu nikiwa na shati la mikono mifupi, barafu inayeyuka nyuma yangu hatua kwa hatua, mpaka watu wa bondeni wakapata mafuriko. "Makoti wapeni vijana," nikasema.

Fundi wa antena akasema, "Huyu mzee siku akistaafu tumfanye jiko."

Watu wakacheka. Jina langu halikuandikwa.

Machi 5

Mvua. Hakuna mgeni.

Machi 6

Mvua. Kuna baridi, wanasema wenzangu.

Machi 9

Kitabu cha wageni kimeanza kulowa pembeni. Hii ni mali ya ofisi, na mimi mali ya ofisi siichezei. Kwa hiyo nimeleta kidude nilichokipata kwa muuza vyombo chakavu. Wengine wangekiita hita. Mimi nakiita kikaushio, kwa sababu kazi yake ni kukausha kitabu. Nimekichomeka kwenye soketi ya kuchajia tochi na kukiweka chini ya meza, karibu na miguu, maana ndipo palipo na nafasi. Kikipata moto kinajizima chenyewe, tak. Kikipoa kinajiwasha, tak. Kila baada ya dakika nne hivi. Nakiwasha nikiingia zamu saa kumi na moja alfajiri, nakizima saa tatu jua likipanda.

Sheria ya kituo ni ya vitu vya maana, simu na pikipiki. Kitu kidogo hivi ni kama kupiga chafya.

Machi 12

Profesa alikuja getini na chupa ya chai. Nikamwambia anieleze hilo shimo lake, nione kama wamemfundisha sawasawa.

"Mjomba, ukimwaga maji kwenye karai lenye tundu, yanaingia moja kwa moja?"

"Yanazunguka kwanza."

"Basi ndivyo. Katikati ya galaksi ninayoitazama kuna shimo lenye uzito wa majua bilioni moja. Gesi inalizunguka kabla ya kuingia, inasuguana, inapata moto, inawaka. Shimo lenyewe huwezi kuliona. Ukishavuka ukingo wake, hata kama wewe ni mwanga, hutoki. Tunachokiona sisi ni vurugu za mlangoni."

"Kama hapa getini."

"Kama hapa getini," akasema, akacheka. Ana kicheko cha mama yake kabla macho yake hayajafifia. "Ila usidhani shimo ni mlafi. Ni mchafu wa kula. Sehemu kubwa ya kinacholikaribia inatupwa nje, pande mbili, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Michirizi hiyo inaenda mbali kuliko galaksi yenyewe. Hayo ndiyo mawimbi tunayoyasikia hapa."

Nikamuuliza galaksi hiyo imekuwaje kubwa hivyo.

"Majitu hayazaliwi majitu, Mjomba. Yanakula majirani. Galaksi ndogo ikipita karibu inavutwa, inachanwachanwa, inabaki mstari mwembamba wa nyota, halafu hata mstari unapotea."

Nikamwambia hayo nilikuwa nayajua. Miguuni kikaushio kikasema tak. Hakusikia, maana mvua ilikuwa inapiga bati.

Machi 15

Jumapili, geti linafungwa. Nimelala siku nzima.

Machi 17

Mbingu nyeupe, hakuna wingu, majani yana umande mgumu kama chumvi. Kitabu kimehitaji kukaushwa sana leo.

Machi 20

Leo historia imeandikwa na nilikuwepo. Profesa alitoka mbio bila kofia, akanishika mikono yote miwili.

"Mjomba, inapepesa. Moyo wa galaksi unapepesa. Kila dakika nne, kidogo, halafu kimya, halafu tena. Nimeangalia siku tatu mfululizo."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijuaje?"

"Mtu aliyekaa karibu na kitu anakijua."

Akanibusu kichwani. Jioni nikawaeleza wapishi kwamba shimo lilianza kupepesa tangu niliposhika zamu ya asubuhi. Hawakuniamini.

Machi 23

Mkuu na Profesa walibishana wakiwa wamesimama getini kwangu, chini ya mwavuli mmoja.

"Haiwezekani," Mkuu alisema. "Fikiri. Shimo la majua bilioni moja, mwanga wenyewe unahitaji kama saa tano kulivuka kutoka ukingo mpaka ukingo. Kitu hakiwezi kupepesa haraka kuliko habari inavyokivuka. Jitu halipepesi macho kama inzi."

"Najua, Mkuu. Ndiyo maana naogopa. Labda si shimo zima. Labda ni kidonge kimoja kidogo cha moto kwenye shina la mchirizi, kinachokuja upande wetu."

"Au ni takataka za hapa hapa duniani."

"Getini kwangu takataka hazipiti," nikadakia. Mkuu akaniangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo ni kweli," akasema. "Kwa mzee huyu hata sindano haipiti."

Machi 24

Mvua.

Machi 29

Jumapili. Profesa ananiambia shimo nalo halipepesi Jumapili. Nikamwambia hata Mungu alipumzika.

Aprili 4

Mkuu ameshindwa kujizuia. Baada ya asubuhi kumi na moja za kupepesa amewaita wakubwa wake, amewaandalia mkutano, ametangaza kwamba kituo chake kimeona kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Jina la Profesa lipo kwenye waraka, na la Mkuu liko juu yake. Dada amenitumia ujumbe: majirani wanamwita Mama Shimo, na hajui acheke au anune.

Wakubwa walipoingia niliwapekua wote. Nilikuwa nimenyoosha gwanda, na miguu yangu ilikuwa na joto zuri.

Aprili 8

Baridi. Nimekausha kitabu.

Aprili 9

Baridi. Nimekausha kitabu.

Aprili 18

Kituo kingine, nchi ya mbali, kimeelekeza antena yake kwenye galaksi ile ile, saa zile zile, kwa siku tisa. Hakikuona kitu. Jitu limekaa kimya, halijakonyeza mtu.

Mkuu amepita getini bila kunijibu salamu.

Aprili 20

Siku hii naiandika yote.

Saa moja asubuhi nilimwona Fundi akitembea ndani ya uzio na antena ndogo ya mkononi, mfano wa mfupa wa samaki, na kisanduku kiunoni kinacholia. Anatafuta cheche. Fundi huyu nilikuwa namdharau, maana huongea na mashine zake. Leo nilimwona anavyofanya kazi. Alikwenda hatua tatu, akasimama, akageuka, akasikiliza. Alizunguka jengo la mitambo: kimya. Akazunguka jiko: kimya. Kisha akageukia geti, na kisanduku kikaanza kulia, ti, ti, ti, kama kifaranga.

Alikuja polepole kwenye mvua. Kila hatua kilizidi kulia. Alikuwa umbali wa kama nyumba tatu kikaushio kiliposema tak chini ya meza, na kisanduku chake kikapiga kelele moja ndefu. Hapo ndipo nilipoelewa.

Siku zile zote, kila asubuhi ya baridi, mtoto wa dada yangu alikuwa anaandika kwenye karatasi zake mapigo ya miguu yangu.

Nikainama kama ninayefunga kamba za viatu, nikachomoa waya kwenye soketi.

Fundi alifika mlangoni, kisanduku kimenyamaza. Akakipiga kofi. Akaingiza ile antena mpaka ndani ya kibanda, juu ya meza, juu ya sanduku la chuma.

"Ajabu," akasema. "Kilikuwa kinalia huku."

"Labda simu iliyoko sandukuni."

"Zimezimwa zote?"

"Unaniuliza mimi?"

Akacheka. "Samahani, mzee. Wewe ndiye unayetunyang'anya hata saa za mkononi. Nikikupekua wewe nitakuwa nampekua hakimu." Akafuta maji usoni kwa kiganja. "Nilitamani sana kipatikane. Kikipatikana ni kosa la mtambo tu, binti anarekebisha, maisha yanaendelea. Kisipopatikana watasema ametunga."

Akaenda zake. Hakuinama kuangalia chini ya meza. Heshima ndiyo iliyomzuia.

Aprili 21

Nyuma ya kibanda kuna choo cha zamani cha shimo, hakitumiki. Nimetumbukiza kikaushio humo. Kilichukua muda kabla sijasikia kimefika.

Aprili 22

Shimo la angani halipepesi tena. Watu wananong'ona: mbona limeacha siku ile ile ukaguzi ulipoanza?

Aprili 24

Profesa amekonda. Alikuja na karatasi, akazitandaza juu ya meza yangu.

"Mjomba, nimekuwa mjinga. Nyota zinawahi kuchomoza kwa dakika nne kila siku. Galaksi yangu tangu katikati ya Machi imewahi saa mbili na nusu. Kama kupepesa kungetoka kwake, kungewahi pamoja nayo. Kumebaki pale pale: kunaanza saa kumi na moja, kunaisha saa tatu. Kunafuata saa ya watu, hakufuati saa ya nyota. Nilikuwa nimekipenda mno ndiyo maana sikuangalia."

"Basi waambie."

"Nimeshawaambia. Nimeufuta waraka kwa mkono wangu. Mkuu anasema kama ni kitu cha watu, kiko wapi? Yeye ameaibika mbele ya wakubwa, anataka kitu cha kushika mkononi. Kitu hakuna, kwa hiyo atanishika mimi. Funguo za kumbukumbu za mitambo ninazo peke yangu. Kikao ni tarehe thelathini."

Nikamsimulia kisa cha nilivyoshtakiwa ujanani kwa kuiba kiwanda, nikashinda kesi bila wakili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Zamani alikuwa akicheka katikati.

Aprili 28

Amerudi, na karatasi mbili tu. Moja ya mapigo, moja ya vipimo vya hali ya hewa vya kituo. Akaziweka juu kwa juu, akazishika dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Angalia. Mvua ikinyesha na joto lipo, hakuna kitu. Joto likishuka chini ya nyuzi kumi, kinaanza. Asubuhi za baridi kali zaidi ni zile zisizo na wingu kabisa, na hizo ndizo zenye mapigo mengi. Jumapili hakuna hata moja. Kitu hiki kinawashwa na mtu anayesikia baridi."

Nikafunga kitabu cha wageni.

"Nikipata mtu mmoja wa kusema hivyo, karatasi hizi zinatosha. Hata kitu chenyewe kisipokuwepo. Zitashuhudia zenyewe." Akavuta kiti, akakaa karibu. Ana mikono ya mama yake, vidole vyembamba vya sindano. "Mjomba, asubuhi huku getini husikii baridi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nataka nijiandikie hapa kwamba nilikuwa nimeufungua. Lakini Fundi na wapishi wawili walikuwa wanapita na vikombe vyao, na mmoja akaita, "Vipi, jiko letu?" Mdomo ukaenda wenyewe mahali ulipozoea.

"Mimi? Baridi? Huyu aliyeyeyusha mlima?"

Akakunja karatasi zake. "Haya, Mjomba," akasema.

Aprili 30

Kikao kilikuwa saa nne, chumba cha ndani, chenye hita. Watu watano nyuma ya meza, Mkuu katikati. Dada hakuambiwa. Profesa alikaa peke yake kwenye kiti kisicho na mikono.

Sikulala kwa siku mbili. Saa nne na robo nikaacha geti, kitu ambacho sijawahi kufanya kwa miaka tisa, nikaingia bila kubisha hodi. Nikasema, "Ni mimi. Kulikuwa na chombo cha umeme kibandani kwangu."

Profesa akageuka, na uso wake ukafunguka. Niliuona. Sijui nitausahau lini.

"Chombo gani?" Mkuu akauliza.

"Kikaushio."

"Cha kukausha nini?"

Hapo ndipo neno moja lilipohitajika. Nililiona limekaa pale mbele yangu, dogo kama punje ya mchele. Fundi alikuwa amesimama ukutani. Mkuu ndiye yule yule niliyekataa koti lake mbele ya watu. Nikasema, "Kitabu cha wageni. Kilikuwa kinalowa. Kila mvua ikinyesha nilikuwa nakikausha, kwa kulinda mali ya ofisi."

"Mvua ikinyesha," Mkuu akarudia, akaandika. Akamtuma mtu akilete kitabu.

Kililetwa. Mkuu akakifungua. Kurasa za Machi zilikuwa zimegandana, za Aprili zina ukungu wa kijani. Akajaribu kutenganisha mbili kwa kucha, zikachanika. Akakigeuza wenzake wakione.

"Na hicho kikaushio kiko wapi?"

"Nilikitupa chooni. Cha zamani. Kilishajaa maji."

Mtu mmoja pembeni akakohoa ili asicheke. Mkuu akachukua zile karatasi mbili za Profesa. "Binti anasema mapigo yanafuata baridi, hasa asubuhi kavu. Wewe unasema ulikuwa unawasha wakati wa mvua. Sasa mzee, tumwamini nani?"

Profesa alikuwa ananitazama. Alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri mbele ya mitambo yake, bila kupumua. Midomo yake ilitamka neno lile bila sauti.

Nikasema, "Kitabu, Mkuu. Nilikuwa nakausha kitabu."

Mkuu akavua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Tunajua unampenda mpwa wako," akasema. "Mjomba mwema angefanya hivyo. Lakini wewe ndiye uliyemliza waziri. Ndiye uliyeyeyusha mlima. Rudi getini, mzee. Hili halitaandikwa kwenye faili lako."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Yangu ilikuwa ndefu, ilitosha mpaka nikafika siku niliyouhitaji ukweli, nikakuta sina mwenye kunipokea nao. Na hata ukweli wenyewe niliubeba nusu.

Mei 2

Ameondolewa. Shahada imesimamishwa, na barua imeandikwa kwa namna ambayo hakuna kituo kingine kitakachomfungulia mlango.

Dada alikuja kumchukua. Nilidhani atanitemea mate. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akautafuta uso wangu kwa yale macho yake, akasema, "Nimesikia ulisimama mbele yao ukajitia kosani kwa ajili yake. Asante, kaka."

Profesa alikuwa anafunga begi. Nilimrudishia simu yake kutoka kwenye sanduku la chuma, akaweka sahihi kwenye kitabu kipya. Hakumwambia mama yake lolote. Akatoka getini bila kugeuka, na mimi nikafunga nyuma yake, kama kazi yangu inavyotaka.

Mei 5

Mvua zimepungua.

Mei 9

Leo Mkuu alileta koti yeye mwenyewe. Zito, la kola ya manyoya. Akaliweka juu ya meza, akasema ofisi inathamini watu waaminifu. Nimelitundika msumarini. Sijalivaa.

Fundi akasimama mlangoni na kikombe chake, akaliona. "Yeye koti la nini? Si ndiye jiko?" Akasubiri nimjibu na kisa, kama kawaida. Nikatafuta kisa, sikukipata. Akaondoka polepole, akigeuka nyuma.

Profesa aliwahi kuniambia kwamba mwanga wa galaksi ile ulianza safari kabla hapajawa na mtu duniani wa kuutazama. Lililotokea kule lilishatokea zamani, sisi tunapata habari tu, na habari haina namna ya kurudi kumwonya mtu. Nilimjibu kwamba hayo nilikuwa nayajua. Sikuwa nayajua.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Kitabu cha wageni sikukikausha hata ukurasa mmoja. Kile kilikuwa hita, na kilikaa chini ya meza kwa sababu miguu yangu ilikuwa chini ya meza.

Nilikuwa nasikia baridi.